Wanaochoma zahabu mjini Kindu nao ni wafanyakazi

Ndugu vijana wa Kasuku, wa Mikelenge na wa Alunguli kule ng'ambo ya mto,

Pita asubuhi kwenye zile nyumba za kununua zahabu hapa mjini. Utaona mizani midogo, kalkilatrisi, makuta yaliyofungwa na lastiki, na wachimbaji waliotoka Punia au Pangi wakiwa bado na vumbi ya njia kwenye viatu. Kitu kimoja hutakiona. Hakina rangi, hakina harufu, na kinaingia kwa pua ya kila mtu aliye ndani ya kile chumba: mwenye nyumba, mchimbaji, kijana anayechoma, mama anayeuza mandazi mlangoni. Ni mvuke wa merkiri, ile ambayo vitabu vinaita zebaki.

Siku nyingi tumesikia watu wakisema juu ya merkiri kama ni jambo la huko porini, la karieri za Namoya na Salamabila, la mito iliyochafuka. Ni kweli, iko huko. Lakini siye wa mji tunajidanganya tukifikiri inabaki huko. Inakuja Kindu kila siku, ndani ya zahabu yenyewe.

Wengi wetu hatujawahi kuelezwa inavyofanyika. Mchimbaji akishaosha mchanga, anabaki na unga mzito wenye chembe ndogo za zahabu. Anamwagia merkiri. Merkiri inashika zile chembe na kuacha mchanga. Anakamua kwa kitambaa, anabaki na donge la rangi ya fedha ambalo karibu nusu yake ni merkiri. Analitia motoni. Merkiri inachemka kwenye digrii 357, inakuwa mvuke, inapanda hewani, na zahabu inabaki chini kama sponji ya manjano iliyofifia. Watu wengi wanafikiri kazi imeishia hapo. Haijaishia. Moto wa porini hautoi merkiri yote, kiasi fulani kinabaki ndani ya ile sponji. Mnunuzi wa mjini anajua hivyo. Hataki kulipa merkiri kwa bei ya zahabu. Ndiyo maana, kabla ya kupima, anaambia kijana wake: choma tena.

Ule moto wa pili ndio unatuleta hapa. Unawashwa ndani ya nyumba, katikati ya mji, karibu na watu ambao hawajawahi kuona karieri kwa macho.

Mimi ninayeandika tamko hili nina lisansi na sina kazi. Kwa wiki sita nilipata kibarua cha kuandika risiti kwenye nyumba moja ya namna hiyo. Jina lake sitalitaja, na kusema kweli mwenyewe hakuwa mtu mbaya, alikuwa analipa kila jumamosi. Chumba kilikuwa na mlango mmoja. Dirisha lilizibwa na bati juu ya wezi. Mbabula ilikuwa mita mbili toka meza yangu, na kijana mmoja niliyesoma naye zamani ndiye alikuwa akichoma, kwa shalimo ama kwa makala, mara kumi, mara kumi na tano kwa siku. Mchana ile mbabula ilichomewa mihindi, tukakula wote.

Nilipomuuliza kama haogopi, alicheka. "Yaya, hii moshi haina kitu. Unakunywa tu maziwa mangaribi, inatoka yote." Patroni naye alikuwa ananunua kopo la maziwa kila wiki, kama zawadi, na sote tulimwona kama mtu mwenye roho nzuri. Jioni nilikuwa naumwa kichwa, na mdomoni nilisikia ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba msumari. Nilisema ni malaria. Nilimeza dawa ya malaria mara mbili bila kwenda lopitali. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa merkiri, kwa sababu hakuna aliyenipima, na hakuna aliyempima yule rafiki yangu ambaye alikuwa amechoma miaka mitatu.

Tufanye hesabu pamoja, ni hesabu ya darasa la sita. Chukua gramu kumi za zahabu zilizoletwa mezani, na tuseme ndani yake imebaki nusu gramu ya merkiri, yaani miligramu 500. Chumba kina mita 3 kwa 4, na urefu wa mita 2 na nusu: ni mita kubu 30 za hewa. Mvuke wote ukitawanyika humo, kila mita kubu inabeba karibu miligramu 17. Wataalamu wa usafi wa kazi wa Marekani wanasema mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku asivute hewa yenye zaidi ya miligramu 0,025 kwa mita kubu. Ni mara zaidi ya mia sita. Utasema: mlango ulikuwa wazi, sehemu kubwa ilitoka nje, nyingine ilishika ukutani. Sawa. Toa sehemu tisini na tisa kwa mia, acha moja tu. Bado uko mara sita juu ya kipimo. Na huo ni mchomo mmoja tu kati ya kumi na tano.

Ile iliyoshika ukutani nayo usiisahau. Mvuke ukipoa unarudi kuwa matone madogo sana ambayo jicho haliyaoni, yanakaa kwenye ukuta, kwenye mabati, kwenye shati. Merkiri haingojei moto kuwa mvuke, hata joto la kawaida la Kindu linatosha. Bati likipata jua la saa nane, chumba kinaanza kutoa mvuke hata siku ambayo hakuna aliyechoma. Kijana anarudi nyumbani na shati lile, mtoto anamkimbilia.

Mwilini inaenda namna gani? Hapa kuna jambo ambalo watu wanalielewa kinyume. Wanaogopa kugusa merkiri, wanaogopa kuimeza. Lakini merkiri ya maji ikimezwa, tumbo karibu halichukui kitu. Ni mapafu ndiyo yanaikaribisha: katika mvuke unaovuta, karibu sehemu 80 kwa mia zinaingia kwenye damu. Toka hapo inafika kwenye ubongo na kwenye mafigo. Mama akiwa na mimba, inapita mpaka kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani limeandika dalili zake wazi: mikono kutetemeka, kukosa usingizi, kusahau, kuumwa kichwa, hasira isiyo na sababu, ganzi. Ukiivuta nyingi kwa mara moja, kifua kinabana na pumzi inakata.

Soma tena hizo dalili halafu ufikirie namna tunavyowahukumu watu hapa kwetu. Kijana anatetemeka mikono, tunasema ni lotoko. Anakasirika ovyo, tunasema ni makuta yamempanda kichwani. Anasahau, anaongea peke yake usiku, familia inamtafutia nabii. Labda kweli ni pombe, labda kweli ni mambo ya familia. Lakini hatuwezi kujua tofauti kama hakuna kipimo.

Sasa tuzungumze dawa za uongo. Maziwa hayatoi merkiri kwenye mapafu, yanaenda tumboni. Kashne za wakati wa Covid hazizuii kitu. Kitambaa kinashika vumbi, ila mvuke unapita ndani ya kitambaa kama hewa yenyewe. Iko maski ya kweli, yenye kichujio cha makala maalumu yaliyotengenezwa kwa ajili ya merkiri, lakini kichujio kinachoka na lazima kibadilishwe. Tuwe wa kweli: nani atakuwa anabadilisha kichujio Kindu kila mwezi? Kama suluhisho letu linaanza na kumvalisha kijana maski, tumeshapoteza. Kwanza ni kuzuia mvuke usiingie ndani ya chumba.

Na hilo si jambo jipya. Mwaka 1700 daktari Mwitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na ndani yake kuna wale waliopaka zahabu kwenye vyombo kwa kutumia merkiri na moto: kazi ile ile, mvuke ule ule. Miaka mia moja baadaye, Paris ilikuwa imejaa mafundi wa namna hiyo, wakipaka zahabu kwenye saa na vinara vya matajiri. Mfanyabiashara mmoja wa shaba, Ravrio, alikuwa ameona wafanyakazi wakiharibika. Alipokufa mwaka 1814 aliacha franki 3.000 kama zawadi kwa mtu atakayepata njia ya kuwalinda. Mwaka 1818 Akademi ya Sayansi ya Ufaransa ilimpa zawadi hiyo mkemia d'Arcet. Alikuwa amevumbua nini? Jiko lenye shemine nzuri. Moto mdogo wa pembeni unawashwa kwenye shemine, hewa moto inapanda, inavuta hewa ya chumba nyuma yake, na mvuke unakwenda juu badala ya kwenda kwenye uso wa mtu. Hakuna umeme, hakuna mashine. Zaidi ya miaka mia mbili imepita na sisi bado tunachomea kwenye mbabula katikati ya chumba.

Shemine inamwokoa mfanyakazi lakini inapeleka mvuke kwa majirani. Kwa hiyo inahitaji rafiki yake, retorti. Ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na tuyo inayotoka juu na kuinama kuelekea chini. Unatia zahabu ndani, unafunga, unachoma toka nje. Mvuke hauna njia isipokuwa tuyo, na tuyo imezungushiwa kitambaa chenye maji baridi, basi merkiri inapoa na kudondoka kwenye chombo. Sehemu kubwa inarudi, na inaweza kutumiwa tena. Mtu anayenunua merkiri kwa makuta yake mwenyewe angependa kusikia sentensi hiyo mara mbili.

Wasuderi wetu wa hapa wanaweza kuitengeneza. Wanatengeneza milango, vitanda na mikokoteni, retorti haiwashindi. Wajue mambo matatu tu: wasitumie tuyo za maji zilizopakwa zinki, maana zinki nayo ikichomwa inatoa moshi mbaya. Mdomo wa tuyo usizame ndani ya maji, ukae juu yake kidogo, kwa sababu kikombe kikipoa kinaweza kuvuta maji ndani na kupasuka. Na kifuniko kisifunguliwe kikiwa bado moto, hapo ndipo watu wanavuta mvuke wote kwa mara moja wakisema retorti haifai.

Kuna pingamizi moja tumelisikia kwa wanunuzi, na si la kipumbavu. Mchimbaji anataka kuona zahabu yake wakati inachomwa. Chuma kilichofungwa kinamtia wasiwasi kwamba utamwibia. Kweli, biashara hii inaishi kwa macho. Jibu letu: kichomewe mbele yake, nje, chini ya paa la wazi, kikombe kipimwe kabla na baada mbele ya macho yake, na shemine iwe na kioo kama watu wanakitaka. Kijana kupoteza ubongo wake si bei ya kulipa kwa sababu wawili hawaaminiani.

Sasa tuje kwa Leta.

Katiba yetu ya tarehe 18 februari 2006 inasema kwenye kifungu cha 53 kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002 inataka sehemu ya kazi iwe salama, na inataka magonjwa yanayoletwa na kazi yazuiwe. Watu watatuambia: hawa si wafanyakazi, ni watoto wa nyumba tu, hawana hata kontra. Nani anampa kijana amri asubuhi? Nani anamlipa jumamosi? Nani anamfukuza akichelewa? Basi huyo ana patroni, na mwenye patroni ni mfanyakazi. Karatasi kukosekana ni kosa la patroni. Siyo kosa la mapafu.

Tatizo letu si kukosa sheria. Tatizo ni kwamba nyumba ya kununua zahabu inaanguka katikati ya viti viwili. Kwa watu wa madini ni biashara ya mjini. Kwa watu wa kazi ni mambo ya madini. Kwa watu wa mazingira ni chumba cha mtu binafsi. SAEMAPE ni kwa ajili ya kusaidia wachimbaji wadogo huko kwenye karieri, na huyu kijana hachimbi, anachoma. Kila ofisi inaweza kuonyesha nyingine kwa kidole, na hakuna itakayokuwa imesema uongo.

Lakini kuna karatasi moja ambayo inapita mkononi mwa mtu mmoja. Kwa sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, mnunuzi wa zahabu ya wachimbaji wadogo lazima awe na kadi ya negosia, na kadi hiyo inatolewa na gavana wa provensi. Ina muda wake, na ukiisha inaombwa upya. Hapo ndipo tunashika. Tunamwomba gavana wa Maniema aweke sharti moja wazi: hakuna kadi mpya wala kadi ya kurudiwa kwa mtu anayechoma zahabu ndani ya chumba ambacho watu wanakaa. Aonyeshe mahali pa kuchomea palipotengwa, shemine, na retorti inayofanya kazi. Mkaguzi wa kazi na mtu wa madini waende pamoja, siku moja, na watie sahihi karatasi moja. Wakikuta mtoto wa chini ya miaka 18 au mama mwenye mimba kwenye ule moto, kadi isimamishwe.

Wengine ndani ya harakati yetu wenyewe walipinga. Walisema: ukiongeza masharti, wanunuzi watajificha, na askari wamepata sababu mpya ya kuomba makuta. Tulibishana usiku mzima. Hatari hiyo iko, hatuifichi. Ndiyo maana hatutaki faini wala kufungwa nyumba siku ya kwanza. Tunataka miezi sita ya kujitayarisha, na tunataka sharti libandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kifaransa, ili kila mtu ajue nini kinadaiwa na nini hakidaiwi. Mtu akija kuomba makuta ya kitu ambacho hakiko kwenye karatasi ile, tuletee habari.

Jambo la pili tunaloomba ni kipimo. Merkiri iliyoingia kwa mapafu inaonekana kwenye mikojo, na mwili unahitaji karibu miezi miwili kutoa nusu yake. Kwa hiyo bado kuna muda wa kujua. Chuo Kikuu cha Kindu kina wanafunzi wanaotafuta mada ya kumalizia masomo, wizara ya afya ya provensi ina madaktari. Wachukue vijana wanaochoma, wachukue na watu wa soko wasiochoma, walinganishe. Kama maabara ya hapa haiwezi, sampuli zipelekwe kwingine kwa ndege, zahabu yenyewe inasafiri vizuri tu.

Tunajua mtatuuliza: na waKadhafi wanaovuta esansi kwa mdomo barabarani? Na wale wanaopuliza rangi kwenye pikipiki bila kitu usoni? Mko na haki, esansi ina benzeni, na benzeni inaleta kansa ya damu. Hayo yatapata tamko lake. Tumeanza na zahabu kwa sababu hapa kuna patroni mwenye makuta, kadi yenye sahihi, na dawa ambayo suderi wa mtaani anaweza kuitengeneza. Tukishindwa hapa, pale pengine hatutaweza.

Barua yetu kwa gavana inakusanya sahihi sasa hivi, na kifungu cha 27 cha Katiba kinatupa haki ya kuileta. Kama unafanya kazi kwenye nyumba ya zahabu, au umewahi kufanya, tuandikie mesaji ya siri. Hatutaandika jina lako wala la patroni wako. Tunataka kujua tu: chumba kina madirisha mangapi, mnachoma mara ngapi kwa siku, na wewe unajisikia namna gani.

Na wakati tunangojea sahihi, leo hii, kama ni wewe unayechoma: toa moto nje, simama upande ambao upepo unatokea, sogeza watu. Usipike chakula wala kuchoma muhindi kwenye ile mbabula tena, hata ikipoa. Vaa shati moja la kazi, liache kazini, lisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Usifagie chumba kikavu, mwaga maji kwanza. Na kama mikono imeanza kutetemeka, nenda lopitali na umwambie daktari wazi kazi unayofanya, kabla hajakuandikia dawa ya malaria.